Mvumo Ndani ya Boksibodi

Gari likiletwa kwangu kwa sababu ya kelele, swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni hili: unaisikia kwa masikio au kwa tumbo? Vijana niliowaachia gereji hucheka. Wanadhani mzee ameanza kuchoka. Lakini swali hilo si mzaha, wala si langu. Nilifundishwa na mkunga mmoja wa Kipokomo ambaye hakupata kushika spana maishani mwake, na nililielewa baada ya kukosea mara tatu juu ya gari moja.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na vitabu vizuri kuliko vyangu na haraka kubwa kuliko yangu. Sitafuata mpangilio wa miaka. Magari hayaharibiki kwa mpangilio, na mimi sikujifunza kwa mpangilio.

Kelele za gari ni za aina nyingi, lakini nyingi zina mahali. Inayogonga, inayokwaruza, inayopiga mluzi, ukigeuza kichwa unajua iko upande gani. Inayosumbua fundi ni mvumo: sauti nene ya chini, isiyo na upande. Inajaa ndani ya gari kama maji yanavyojaa mtungini. Ukitoa kichwa dirishani huisikii. Ukirudisha ndani, iko palepale. Abiria anashuka kichwa kizito na moyo umechafuka, na ukimuuliza kilichomsumbua atakuambia ni jua.

Hata zile kelele zenye mahali zinaweza kukuaibisha. Nilipata kufungua giaboksi nzima ya lori la mwenye duka mmoja wa Tarasaa, siku mbili za kazi, nikaifunga tena kwa uangalifu, na kelele ikabaki ilivyokuwa. Kisha mke wa mwenye duka akaja kuchukua debe lake la samli lililokuwa chini ya kiti. Kelele ikaondoka naye. Tangu siku hiyo sifungui nati yoyote kabla sijashusha kila kitu kilichomo garini, hata mswaki wa dereva.

Mimi ni mtu wa Kipini. Shule yangu ilikuwa fupi. Kitabu changu cha kwanza cha magari kilikuwa cha Kiingereza, hakina jalada, na nilikisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, kwa miezi mingi kuliko ninavyopenda kusema. Sehemu iliyobaki nilifundishwa Mombasa na Kalasinga mmoja ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimepinda lakini mkono wake umenyooka. Hakuwa na chombo cha kusikilizia injini ila fimbo ya mti mgumu, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka kwenye injini, ya pili aliibana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho.

"Sikio danganya," aliniambia. "Mfupa hapana danganya."

Mimi nilitaka kumzidi. Nikaibana fimbo kwa meno, kwa kuwa meno nayo ni mfupa. Injini ikakohoa, fimbo ikaruka, na jino likavunjika. Kijana anayeicheka fimbo yangu, mimi humwonyesha hilo pengo, naye huishika fimbo kwa adabu.

Sasa nije kwenye gari lenyewe.

Miaka ile ya hamsini, Garsen, nilikokuwa na gereji yangu, ilikuwa maduka machache, kivuko cha mto, na barabara ya kwenda Malindi ambayo kiangazi ilikuwa barabara na masika ilikuwa ziwa. Malori yalikuwepo. Gari la kufunika, lenye kiti cha nyuma ambacho mtu angeweza kulala, lilikuwa moja tu. Lilikuwa boksibodi ya Mzee Warsame, Msomali mwenye duka na mifugo. Alikuwa amenunua chesisi iliyotumika, akaagiza mafundi wa Mombasa wamjengee bodi juu yake: fremu ya mbao, ubavu wa plaiwudi, sakafu ya mbao, na paa la bati lililonyooka kama meza. Gari lile lilibeba sukari na nguo. Akitokea mgonjwa wa kupelekwa hospitali Malindi, Mzee Warsame alilitoa bila kuulizwa mara mbili, na siku hiyo sukari ilisubiri.

Dereva wake aliitwa Komora, Mpokomo wa kijiji kilicho karibu na Garsen. Alikuwa mtu mpole, na dereva wa aina ambayo fundi huipenda: akisikia kitu kipya garini, alisimama. Nimewajua madereva wengi waliosikia kitu kipya wakaongeza mwendo ili wasikisikie.

Kiangazi kimoja boksibodi ikaanza kuvuma. Ilitembea kimya mpaka mshale wa spidi ulipokaribia maili thelathini, ndipo mvumo ulipokuja. Ulikuwa mzito, *vuuu* ndefu isiyo na pumzi, nao ulikaa hapo mpaka Komora apunguze au azidishe mwendo. Kwa mzigo wa sukari si neno. Lakini wanawake wa vijiji vya Wapokomo wakaanza kukataa kulipanda.

Sababu yao inataka heshima, nami si mtu wa mila hiyo, kwa hiyo nitasema machache. Zamani Wapokomo walikuwa na ngoma kubwa ya wazee. Wanawake hawakuruhusiwa kuiona, na ilipolia walijifungia ndani. Miaka ninayoisimulia ilikuwa hailii tena, na wengi walikuwa wamekwisha kushika dini, lakini mabibi waliokuwa hai waliisikia utotoni na waliwasimulia wajukuu. Siku mwanamke mmoja aliposhuka kwenye boksibodi akasema ile sauti nzito aliisikia ndani ya kifua chake kama mabibi walivyosimulia, habari ilienda kijiji kwa kijiji haraka kuliko gari lenyewe.

Ingekuwa ni hilo tu, lingeweza kusubiri. Lakini mke wa Komora, Hadhura, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mara mbili kabla ya hapo alikuwa amejifungua kwa shida na kuzika. Mkunga aliyemhudumia mara zote mbili, Bibi Hawayu, alisema wazi kwamba safari hii hatamgusa: mtoto amekaa vibaya, na Hadhura lazima awe Malindi kabla ya mvua kufunga njia. Nyuma ya lori asingefika salama. Katika boksibodi alikataa kuingia. Alishazika wawili, alisema, na hatampeleka wa tatu kwenye ile sauti.

Komora alinieleza hayo akiwa amesimama mlangoni pa gereji, kofia mkononi. Hakuniomba kitu. Alimaliza, akavaa kofia, akaniachia ufunguo wa gari.

Mzee Warsame alikuja baadaye na ulimi wake.

"Fundi Shee," aliniambia, "mimi nilinunua gari. Wewe umenipa ngoma. Basi nitafutie na wachezaji."

Nilikuwa na wiki mbili, pengine chini yake. Mawingu yalikuwa yakikusanyika upande wa juu wa mto.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kujiamini. Nilifikiri kelele ni kelele, na kelele huzimwa kwa kitu laini. Nikatandika magunia sakafuni, juu yake makumbi ya nazi, juu yake mkeka. Ubavuni nikapigilia magunia mengine. Ilikuwa kazi safi. Tulipolijaribu, kila mlio mdogo ulikuwa umekufa: mlango haukugonga, kioo hakikutetema, mbao hazikulia. Na katika ukimya huo mvumo ulisimama peke yake, mzito kuliko kabla. Komora aliniangalia kwa upole, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenitukana. Lishikeni hili: kitu laini kinameza sauti nyembamba. Sauti nene inapita kwenye gunia kama gunia halipo.

Siku ya pili Bibi Hawayu mwenyewe alikuja. Alikuwa bibi mfupi, mkavu, anatembea haraka, na alinisalimia kama mtu anayekuja kudai majibu. Nilimpa shikamoo, nikamletea kiti. Hakukikalia. Alizunguka gari mara moja, akaniuliza kama nimeshamuuliza mtu yeyote aliyekaa nyuma.

Nilikuwa sijamuuliza. Mimi na Komora tulikaa mbele kila siku.

"Mimi nimepanda hii gari na wagonjwa mara tano tangu ianze," alisema. "Nyuma inaingia tumboni. Mbele inaingia kidogo tu. Katikati, ukiinama hivi, karibu haipo. Na iko siku ilinyamaza."

Nikamuuliza siku gani. Akasema ile siku walipopita kwenye maji yaliyokuwa yamesimama njiani, maji ya kufika mlangoni. Baada ya hapo gari lilitembea kimya asubuhi yote. Adhuhuri, jua lilipokuwa kali, sauti ikarudi.

Vijana, mkunga yule alikuwa amenipa jibu lote mkononi, nami nikalifunika kwa akili yangu. Maji, nikasema, yameosha tope. Udongo mweusi wa huku kwetu unashika ndani ya rimu na kukauka kama saruji. Gurudumu likiwa zito upande mmoja linarukaruka, na gari linavuma. Jambo hilo ni la kweli, nimeliona mara nyingi. Kwa nini basi sauti ilirudi adhuhuri, bila tope jipya, kwenye njia kavu? Hilo sikujiuliza. Nikainua gari kwa jeki, nikatoa magurudumu manne, nikakwangua tope mpaka rimu zikang'aa, nikayarudisha. Siku nzima ilipita. Usukani ukawa mwepesi, Komora akasifu. Kwenye maili thelathini, mvumo ukatusalimu.

Hilo ndilo kosa la pili, na siyo tope. Kosa ni kuchukua sehemu ya maneno ya mtu inayolingana na ulichokwisha kuamua, na kuiacha ile isiyolingana.

Usiku ule sikufanya kazi; nililala mapema, na nawashauri mfanye hivyo mnapokosea mara mbili mfululizo. Asubuhi nilichukua daftari, nikachora mistari: mwendo, gia, dirisha, mahali pa kukaa, sauti. Nikamtuma Komora akamwombe Bibi Hawayu aje tupande pamoja. Nilidhani atakataa kama wengine.

"Mimi ni mzee," alisema alipofika, akiwa tayari anapanda nyuma. "Kama hiyo ngoma inataka kunila, itakula mifupa."

Tulienda kwenye ile njia tambarare iliyoelekea Tarasaa, Komora kwenye usukani, mimi na daftari, Bibi Hawayu kwenye kiti cha nyuma amekunja mikono. Tulipofika maili thelathini mvumo ukaja. Niligeuka kumwangalia. Alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande, sawasawa na yule Kalasinga wa Mombasa na fimbo yake.

"Hii si yenyewe," alisema. "Yenyewe niliisikia mimi ni mtoto, mama yangu amenifunika mkeka. Yenyewe ilikuwa inakuja, inakwenda, kama mtu anavuta pumzi. Hii haivuti pumzi. Hii ni kitu tu."

"Basi uwaambie wanawake," nikasema.

"Niwaambie nini? Watu hawapandi maneno yangu, wanapanda gari. Nyamazisha kwanza."

Tukaanza. Nilimwambia Komora afike maili thelathini na tano, akanyage klachi, atoe gia, aache gari litembee bure. Mshale ukashuka taratibu: thelathini na mbili, thelathini, ishirini na nane. Hakukuwa na mvumo. Magurudumu yalikuwa yanazunguka kwa mwendo uleule na propela, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa inazunguka vilevile, na gari lilikuwa kimya. Niliandika, na mstari huo mmoja ulifuta siku yangu nzima ya kukwangua tope.

Kisha nikamwambia arudi gia ya tatu, aipandishe injini polepole. Kwenye maili ishirini na kitu, mvumo uleule, unene uleule. Gia ya pili, ukaja mapema zaidi. Kwa hiyo sauti haikufuata barabara. Ilifuata injini. Ilitaka injini izunguke kwa kasi fulani, na haikujali gari liko kwenye mwendo gani.

Jaribio hilo halihitaji chombo chochote. Linahitaji njia iliyonyooka na dereva msikivu. Ningelifanya siku ya kwanza, ningeokoa siku mbili kati ya zile chache alizokuwa nazo Hadhura.

Tulisimama pembeni. Nilimwambia Komora aache injini kwenye ile kasi yake, nikaingia uvunguni na fimbo. Kwenye raba za injini fimbo ilikuwa na mtetemo mdogo, wa kawaida. Kwenye chesisi, mdogo. Nikafuata bomba la moshi kurudi nyuma, nikigusa fimbo kila hatua, nikifuta vumbi. Karibu na mwisho, mahali bomba linaponing'inia chini ya mhimili wa sakafu, fimbo ilinipiga kwenye mfupa kama kofi.

Nikafuta vumbi. Chini yake kulikuwa na ukanda wa ngozi ya ng'ombe, umezungushwa mara tatu kutoka kwenye kishikio cha bomba mpaka kwenye mhimili wa mbao, umekauka, mgumu kama pembe. Nikaugonga kwa kucha. Ukalia.

Komora alikuwa amechuchumaa, anachungulia.

"Fundi," alisema taratibu. "Hilo fundo si lako?"

"Ni langu."

Nilikuwa nimelifunga mimi, mwishoni mwa mvua za vuli. Gari lilikuwa linatoka Witu, na pale kivukoni bomba likagonga ubao wa kupandia na kukata raba iliyolishika. Spea haikuwepo Garsen, pengine hata Malindi. Mchungaji mmoja wa Kiorma aliyekuwa akingoja kuvusha ng'ombe alinikatia ukanda wa ngozi mbichi. Kila mtu wa huku anaijua kazi ya ngozi mbichi: inafungwa ikiwa imelowa, laini kama kitambaa, na ikikauka inajivuta na kukaza kuliko waya. Kwa ngozi hiyo watu wanafunga mizigo na vyombo vya maziwa, navyo havilegei. Niliifunga kwa uangalifu mkubwa. Mzee Warsame aliisifu, na mimi, kusema kweli, niliisimulia kwa watu miezi miwili.

Kosa langu la tatu, ambalo kwa kweli lilitangulia yale mawili, lilikuwa kufikiri kwamba kazi ya ile raba ni kushika tu. Raba inashika na kuachia papo hapo. Bomba la moshi linatetemeka kwa kila mlipuko wa injini, na raba inauacha mtetemo huo ufie ndani yake. Ngozi iliyokauka haiachii kitu. Iliupokea mtetemo wote na kuupeleka juu, kwenye mhimili, kwenye sakafu, kwenye fremu, mpaka kwenye lile paa la bati. Na paa, kama kila kitu kilichowambwa, lina mdundo wake. Msukume mtoto kwenye pembea ovyo, hatapanda. Msukume kila anaporudi, kwa kidole tu atafika juu. Kwenye ile kasi moja ya injini, bomba lilikuwa linalisukuma paa kila linaporudi.

Maneno ya Bibi Hawayu yakakaa mahali pake yote. Ngozi ikilowa inalegea, gari linanyamaza. Jua likiikausha, sauti inarudi. Adhuhuri.

Nilitoka uvunguni, nikamweleza. Sikumficha fundo ni la nani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuambia," alisema.

"Uliniambia, Bibi."

"Sawa. Sasa kata."

Niliikata palepale. Kwa muda tulilifunga bomba kwa kamba ya makumbi ili tufike gereji, na hata hivyo tu mvumo ulipungua nusu. Gerejini nilikata vipande viwili kutoka ubavu wa tairi kuukuu, upana wa vidole vitatu, nikavitoboa, nikafunga kishikio kwa boliti ili bomba lining'inie kwenye raba na lisiguse mbao wala chuma popote. Nikalitikisa kwa mkono. Likacheza, likarudi, likatulia. Hivyo ndivyo linavyopaswa kufanya.

Tukalijaribu tena, sote watatu. Mbele palikuwa kimya. Komora alianza kutabasamu. Nyuma, Bibi Hawayu akatikisa kichwa.

"Bado iko ndogo. Njoo ukae hapa."

Nilihamia nyuma. Alikuwa sahihi: ulikuwa umebaki uzi wa sauti, ambao mimi pengine ningeuita mwisho wa kazi. Aliinua mkono wake mkavu, akaweka kiganja katikati ya paa, akabonyeza. Sauti ikafa. Akaondoa mkono, ikarudi. Akaweka tena. Alifanya hivyo mara tatu, akiniangalia kama anavyoangaliwa mwanafunzi mzito.

Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti. Sijaona uchunguzi safi kuliko ule. Jioni ile niliweka ubao mwembamba kukatisha paa kwa ndani, pale hasa kiganja chake kilipokuwa, na kati ya ubao na bati nikabana kipande cha blanketi. Ubao wenyewe niliupima mara mbili, kwa sababu nilitaka ukae mahali pa mkono wake, si mahali ambapo jicho langu lingependa.

Kulikuwa na kazi moja zaidi, na haikuwa yangu. Mvumo wa ndani hausikiki nje, kwa hiyo kulipitisha gari mbele ya watu kusingethibitisha kitu. Bibi Hawayu alijua hilo bila kuambiwa. Alimwamuru Komora aende kijijini, akasimama katikati ya wanawake, akachagua wanne waliokuwa wametangaza zaidi habari ya ile sauti. Walibishana. Aliyekuwa na ulimi mrefu kuliko wote alisema atapanda akiwa amefunga masikio. Bibi akamwambia afunge tu, maana ile sauti haikuwa ikiingilia masikioni. Wakapanda. Madirisha yalifungwa. Komora aliwapeleka mpaka maili thelathini, akawaweka hapo, akarudi. Mimi nilibaki kijijini, nimesimama na Hadhura, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake na hakunitazama.

Gari liliporudi, yule mwenye ulimi mrefu alishuka wa kwanza. Alimwambia Hadhura kwa Kipokomo maneno ambayo sikuyaelewa. Baadaye Komora alinitafsiria: alisema kiti ni kigumu, achukue godoro.

Waliondoka alfajiri ya siku ya pili yake. Hadhura alilala nyuma juu ya godoro, Bibi Hawayu kando yake, Komora mbele. Upande wa juu wa mto mbingu ilikuwa nyeusi. Nilisimama njiani nikisikiliza mpaka nikawa sisikii hata matairi, ingawa nilijua kwamba kutoka pale nisingeweza kuusikia ule mvumo niliokuwa nikiuogopa.

Mvua ilinyesha siku ya tatu. Njia ikafungwa, na boksibodi ikabaki upande wa Malindi. Wiki zile sikuwa na habari yoyote. Niliitundika ile ngozi kwenye msumari gerejini, mahali ninapoiona kila ninapochukua spana. Ipo mpaka leo, na mmewahi kuniuliza ni ya nini.

Maji yalipopungua, Komora alikuja. Alisimamisha gari mbele ya gereji, akamfungulia Bibi Hawayu mlango wa nyuma. Nyuma yake alishuka Hadhura, amebeba mtoto wa kike aliyefungwa ndani ya kanga. Madaktari walikuwa wamemtoa kwa kisu, Komora alisema, na wote wawili walikuwa wazima. Hadhura alinisalimia kwa sauti ndogo, akaenda kukaa kivulini.

Mzee Warsame alikuwa amekwisha kufika. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema amepata mchezaji. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nangoja neno kutoka kwa mtu mmoja tu, na hakuwa na haraka. Alijinyoosha mgongo, akapangusa vumbi, akanisogelea.

"Fundi Shee," alisema Bibi Hawayu. "Siku ile tulipita Tarasaa, Hadhura akalala. Akalala mpaka Malindi. Nilimwamsha mimi, kumwambia tumefika."